Matembezi ya Mji wa Kale wa Mombasa: Kuisoma Ndia Kuu kama Matini ya Fasihi

1. Utangulizi

Mtahiniwa anapoulizwa kuhusu mandhari katika kazi ya fasihi, mara nyingi hujibu kwa sentensi moja: "Mandhari ya kazi hii ni Mombasa." Jibu hilo si uongo, lakini halina faida. Halielezi mandhari hayo yanafanya kazi gani, wala kwa nini mtunzi hakuyahamishia Kisumu au Nakuru. Chanzo cha udhaifu huu ni kwamba wanafunzi wetu wengi wamezoeshwa kuyaona mandhari kama ukuta ulio nyuma ya jukwaa: wahusika wanatenda, ukuta umesimama tu.

Kila mwaka, hasa katika muhula wa pili, mabasi ya shule kutoka bara huteremka hadi Mombasa. Wanafunzi hupitishwa Mji wa Kale na mwelekezi anayetembea mbele akieleza, nao hufuata nyuma wakiandika au wakipiga picha. Ziara hizi hugharimu pesa za wazazi na muda wa masomo. Ni haki basi kuuliza: mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anarudi na nini?

Makala haya yanadhamiria kuyahakiki matembezi hayo kama tunavyohakiki kazi yoyote ya fasihi. Tutayatazama kwa upande wa fani, yaani uwasilishaji, msuko na usimulizi. Kisha tutayatazama kwa upande wa maudhui, yaani yanayosemwa na yanayoachwa. Msimamo wetu ni kwamba matembezi ya kawaida ya Mji wa Kale yana fani nzuri na ya kusisimua, ila yana pengo kubwa katika maudhui. Yanaonyesha mawe na milango, lakini yanawasahau watu walioitunga lugha ndani ya kuta hizo. Mombasa ni mji wa washairi, na mgeni anaweza kuumaliza bila kulisikia jina la mshairi hata mmoja.

2. Je, matembezi ni matini?

Kuna watakaopinga tangu mwanzo. Watasema kwamba mwelekezi ni mfanyabiashara, si msanii. Analipwa kwa saa na anayoyasema ameyakariri. Pingamizi hili lina uzito kiasi, lakini haliondoi hoja. Manju na mtambaji pia walituzwa, nao pia walirudia visa vilevile mbele ya hadhira tofauti. Malipo hayaiondoi sanaa, na kukariri ni sehemu ya mapokezi ya fasihi simulizi.

Tukitumia vigezo tunavyovifundisha darasani, tutaona kwamba matembezi yanavitimiza vingi. Kuna fanani, ambaye ni mwelekezi. Kuna hadhira hai inayouliza maswali na kucheka. Kuna utendaji: mwelekezi hunyoosha mkono, hubadilisha kiimbo, husimama ghafla mbele ya mlango ili kujenga taharuki. Kuna fomula za kufungulia na kufungia. Aidha, kuna ubunifu wa papo hapo, kwani masimulizi hukatizwa na mkokoteni unaopita, adhana ya adhuhuri, au muuza kahawa anayegonganisha vikombe vyake huku dele likifuka moshi. Fanani stadi huyachukua makatizo hayo na kuyafanya sehemu ya kisa.

Hata hivyo, kuna tofauti moja ambayo mwalimu hafai kuipuuza. Mtambaji wa ngano haidai hadhira imwamini kwamba sungura alizungumza. Mwelekezi anadai kwamba anayoyasema yalitokea, na yalitokea hapa. Kwa hivyo matembezi yako karibu zaidi na mighani kuliko ngano: yanachanganya historia na ubunifu, na yanaomba imani. Hii ndiyo sababu yanahitaji mhakiki. Visa vya mapango na njia za chini kwa chini huwapendeza wageni, na mwanafunzi ana haki ya kuvifurahia kama sanaa. Lakini afundishwe kuuliza kipi kina ushahidi na kipi kimetiwa chumvi.

3. Msuko: nani anaanza hadithi?

Kwa kawaida matembezi huanzia Fort Jesus, yaani Ngome ya Yesu, ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596. Kutoka hapo hadhira hupitishwa katika barabara ya Mbarak Hinawy, hufika Msikiti wa Mandhry ambao hutajwa kuwa wa mwaka 1570, huteremka hadi Bandari ya Kale, huangalia Leven House na ngazi zake za kuelekea baharini, kisha hurudi kwa njia ya Ndia Kuu. Kwa mtu anayetaka kurahisisha safari, huu ni mpango mzuri. Ngome ina mahali pa kuegesha basi, ina makumbusho, na tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Lakini katika uhakiki, pale hadithi inapoanzia hapachaguliwi bure. Hadithi inayoanza na ngome inaanza na Mreno. Mwenyeji anaingia baadaye, kama mtu aliyetekwa, aliyeasi au aliyefanya biashara na mgeni. Msafiri Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331, miaka zaidi ya 260 kabla ya jiwe la kwanza la Ngome kuwekwa, akakuta mji wenye watu wachaji Mungu na misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Mapokeo ya Mombasa yenyewe humtaja Mwana Mkisi, mwanamke aliyetawala mji uliojulikana kwa jina la Kongowea, kabla ya Shehe Mvita. Mji ulikuwapo, na ulikuwa na jina. Matembezi yanayoanza 1593 yanamfanya mwenyeji kuwa mhusika mdogo katika hadithi yake mwenyewe.

Mtahiniwa aliyewahi kuisoma riwaya ya Ken Walibora, Siku Njema (1996), ataona haraka faida ya hoja hii. Mhusika mkuu anaitwa Kongowea Mswahili. Asiyejua kwamba Kongowea ni jina kongwe la Mombasa atalipita jina hilo kama jina la soko na mtaa ulio ng'ambo ya kisiwa. Anayejua ataweza kuandika aya nzima kuhusu matumizi ya majina ya kiishara.

Tunapendekeza mabadiliko madogo yasiyoongeza gharama. Mwalimu amwombe mwelekezi aanzie hatua chache tu kutoka Ngome, penye makaburi ya ukoo wa Mazrui. Hapo ndipo alipozikwa Profesa Ali Mazrui, aliyefariki Marekani mwezi wa Oktoba 2014 na kurejeshwa nyumbani. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na mhariri wa gazeti la Al-Islah, lililoanzishwa Mombasa mwaka 1932. Babu zao waliutawala mji huu katika karne ya 18 hadi 1837. Mwanzo huu unaiweka kalamu ya mwenyeji mbele ya mzinga wa mgeni, na Ngome bado inaonekana pale pale.

Isitoshe, Ngome yenyewe ina somo la lugha. Wenyeji waliiita Gereza, neno linalotokana na "igreja" la Kireno lenye maana ya kanisa. Baadaye, kati ya 1895 na 1958, serikali ya kikoloni iliifanya jela halisi. Neno moja limebeba kanisa, ngome na kifungo. Mtahiniwa anayekutana na neno "gereza" katika matini kongwe za Mombasa asikimbilie kuandika kwamba mtu amefungwa. Huenda mtunzi anazungumzia Ngome na utawala uliomo ndani yake.

4. Muyaka bila mtaa, mtaa bila Muyaka

Mshairi mkuu wa mji huu ni Muyaka bin Haji, anayekadiriwa kuishi kati ya 1776 na 1840. Wahakiki wengi humsifu kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni. Sifa hii huandikwa kila mwaka katika karatasi za mtihani, lakini ni wachache wanaoweza kuifafanua. Maana yake ni kwamba Muyaka alitumia shairi la beti za mishororo minne kuzungumzia mambo ya kila siku ya mji: vita, siasa, mapenzi, biashara, ufukara, na maneno ya watu. Shairi likawa kama gazeti. Lilitungwa leo, likajibiwa kesho, na waliolisikia walimjua aliyekuwa akipigwa vijembe.

Ndiyo sababu mashairi yake ni magumu kwa mwanafunzi wa leo. Ugumu haumo katika msamiati pekee. Umo katika kukosa mtaa. Vita vya Shela vilipopiganwa katika miaka ya 1810, Mombasa na Pate zikishirikiana dhidi ya Lamu, washairi wa pande zote walikuwa wakirushiana tungo. Upande wa Lamu alikuwapo Bwana Zahidi Mgumi. Baadaye Mombasa ilisimama dhidi ya Sayyid Said wa Oman na Unguja, ikatafuta hata himaya ya Waingereza kupitia kwa nahodha William Owen kati ya 1824 na 1826, na hatimaye utawala wa Wamazrui ukaanguka 1837. Muyaka aliyaona haya yote, akiwa upande wa Wamazrui. Shairi lake likisomwa bila mambo haya hubaki kama kitendawili kilichopotea jibu.

Hapa ndipo matembezi yangefaa. Mwanafunzi akisimama ufuoni mwa Bandari ya Kale akaangalia mlango wa bahari, ataelewa kwa nini jahazi linaloonekana kwa mbali lilikuwa habari ya kutungiwa shairi. Ataona jinsi Ngome inavyoilinda njia ya kuingilia bandarini, na kwa nini aliyeishika Ngome aliushika mji. Mandhari hapo si ukuta wa nyuma tena. Ni chanzo cha mgogoro.

Hata hivyo, mwalimu awe na tahadhari. Nyumba nyingi zenye roshani za mbao ambazo wageni huzipiga picha zilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ambapo biashara ya Wahindi ilikuwa imestawi na ujenzi wa reli, ulioanza 1896, ulikuwa umeleta watu na fedha mjini. Muyaka alikuwa amekwisha kufariki zaidi ya nusu karne. Kwa hivyo si sahihi kumwambia mwanafunzi kwamba mshairi huyo alipita chini ya roshani hizi. Alichokiona Muyaka ni bahari ile, Ngome ile, misikiti michache na mkato wa njia. Kujua kipi ni cha wakati wa mtunzi na kipi kimekuja baadaye ni sehemu ya uhakiki.

Kuna kinaya kingine kinachofaa kujadiliwa darasani. Tungo za Muyaka zilihifadhiwa vichwani mwa watu wa Mombasa. Katika miaka ya 1880 mmishonari William Taylor alizikusanya kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, msomi wa Mombasa aliyezijua na kuzifafanua. Miswada hiyo ikaishia London. Diwani ya kwanza ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens, na ilipofika 1979 ndipo Mohamed Abdulaziz alipotoa utafiti wake mkubwa hapa Nairobi. Maneno ya mtaa huu yamezunguka dunia, yamerudi yakiwa vitabu, lakini katika masimulizi anayopewa mgeni bado hayajafika nyumbani. Na jina la Mwalimu Sikujua ndilo linalosahauliwa kwanza, ingawa bila yeye pengine tungekuwa na masalia tu.

5. Ndia au njia? Somo la lahaja lililoandikwa ukutani

Kibao cha barabara kimeandikwa "Ndia Kuu". Wanafunzi wengi kutoka bara hudhani ni kosa la mchoraji. Mwelekezi akieleza kwamba maana yake ni njia kuu, kikundi hucheka na kuendelea mbele. Mwalimu wa Kiswahili hafai kuendelea mbele. Asimame hapo dakika kumi.

Katika Kimvita, panapokuwa na "nj" katika Kiswahili sanifu, mara nyingi pana "nd": njia ni ndia, njaa ni ndaa, njoo ni ndoo. Vivyo hivyo, panapokuwa na "ch" huenda pakawa na "t": macho ni mato, mchele ni mtele, cheka ni teka. Mwanafunzi akizishika kanuni hizi mbili, nusu ya giza la mashairi ya kale ya Mombasa itaondoka.

Kuna faida ya moja kwa moja katika mtihani. Mtahiniwa anapoulizwa kuhusu uhuru wa mshairi, huorodhesha inkisari, mazida, tabdila, kuboronga sarufi na matumizi ya lahaja. Akiona "ndia" huandika haraka kwamba mshairi amefanya tabdila ili kutosheleza vina. Huenda amekosea mara mbili. Kwanza, idadi ya silabi haibadiliki wala kina cha mwisho hakibadiliki, kwa hivyo hakuna kilichotoshelezwa. Pili, kwa mshairi wa Mvita neno hilo si uhuru alioutwaa. Ni lugha aliyonyonya. Mshairi wa leo anayetunga kwa Kiswahili sanifu na kuchomeka "ndia" anatumia uhuru wake wa lahaja. Muyaka akisema "ndia" anazungumza tu. Mtahiniwa mwangalifu hueleza tofauti hiyo kwa sentensi moja, na mtahini humtambua.

Tukumbuke pia kwamba uamuzi wa kuichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa usanifishaji ulifikiwa katika mkutano wa 1928 uliofanyika Mombasa penyewe. Kimvita, kilichokuwa na washairi wakubwa na kilichopendelewa na wamishonari wa mwanzo, kilishindwa kikiwa kwao. Miaka miwili baadaye, 1930, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Hatusemi haya ili kuupinga usanifishaji. Bila huo, mwalimu wa Busia na wa Kwale wasingesahihisha karatasi moja. Tunasema ili mwanafunzi ajue kwamba neno lisilo sanifu si neno bovu.

6. Kale isiyofika karne ya 20

Udhaifu mwingine wa matembezi ni maana finyu ya neno "kale". Mwelekezi humaliza hadithi yake karibu na kuja kwa reli, kana kwamba baada ya hapo mji ulilala. Lakini mapokeo ya Muyaka hayakukatika. Ahmad Nassir Juma Bhalo alitoa Malenga wa Mvita mwaka 1971. Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946, aliandika kijitabu cha kisiasa, Kenya: Twendapi?, mwaka 1968, akafungwa kati ya 1969 na 1972, na humo gerezani akatunga mashairi yaliyochapishwa 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Diwani hiyo ilituzwa Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974, jina la rais ambaye serikali yake ilikuwa imemfunga mtunzi. Mwalimu anayetafuta mfano wa kinaya cha hali hana haja ya kwenda mbali.

Uhusiano wa Abdilatif na Muyaka uko wazi. Wote wawili waliifanya tungo kuwa silaha ya siasa, na wote walitumia bahari na mafumbo ya mji wao kusema yasiyoweza kusemwa wazi. Mwanafunzi akipitishwa Mji wa Kale bila kutajiwa Abdilatif, atadhani ushairi wa Mvita ni kitu cha makumbusho, kama mizinga ya Ngome. Na hapo ndipo penye hatari. Watu wanaishi katika nyumba hizi. Watoto wanatoka chuoni wakipita kati ya watalii. Wazee wameketi barazani wakizungumza lugha ambayo mgeni ameambiwa ni ya zamani. Matembezi yanayougeuza mtaa hai kuwa kaburi zuri yanamdhulumu mwenyeji na kumdanganya mgeni.

7. Sauti zilizo nyuma ya milango

Milango iliyonakshiwa husifiwa sana, na inastahili. Lakini mhakiki hana budi kuuliza: nyuma ya mlango kuna nani? Matembezi ni masimulizi ya njiani, na njiani kwa muda mrefu palikuwa mahali pa wanaume. Ushairi wa wanawake wa mwambao ulikaa ndani au katika sherehe. Mombasa ilikuwa na vyama vya lelemama vilivyoshindana kwa nyimbo na mavazi, na vugo la harusini lilikuwa na lingali na maneno makali kwa wanaoelewa. Hakuna kibao kinachoonyesha haya, kwa sababu wimbo hauachi ukuta.

Vivyo hivyo kwa watumwa. Utumwa haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi 1907, kwa hivyo nyumba kongwe za mtaa huu zilijengwa na kuhudumiwa, kwa sehemu, na mikono isiyokuwa huru. Masimulizi ya kawaida humtaja mtumwa kama mzigo unaopelekwa bandarini. Mara chache hutajwa kama mtu aliyepika, aliyebeba matumbawe, aliyelea watoto, na aliyeimba. Mwanafunzi anayejifunza kuuliza swali hili katika matembezi ataliuliza pia akisoma riwaya: ni mhusika gani anayefanya kazi zote na hapewi usemi hata mmoja?

8. Kipimo kutoka Pate

Kama tunataka kipimo cha matembezi mema, hatuna haja ya kukiazima ng'ambo. Katika Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi huuzungumzisha moyo wake na kuupitisha katika fahari iliyotoweka ya Pate. Anaonyesha majumba yaliyokuwa na taa na watu, ambayo sasa ni makao ya wadudu na ndege. Hayo pia ni matembezi: kuna mwelekezi, kuna anayeelekezwa, kuna vituo, na kuna magofu.

Tofauti iko katika lengo. Mwelekezi wa leo humwambia mgeni, "Tazama, hapa palikuwa pazuri." Mshairi wa Pate anauambia moyo, "Tazama, kisha ujitazame." Kutazama kunazaa mazingatio. Haitupasi kumdai mwelekezi wa watalii atoe mawaidha ya dini. Lakini tunaweza kudai kwamba matembezi ya shule yamalizike kwa swali linalomrudia mwanafunzi mwenyewe: mtaa wangu una maneno gani, na nani anayahifadhi?

9. Mwongozo kwa mwalimu na mtahiniwa

Kutokana na uhakiki huu, tunapendekeza yafuatayo:

(a) Kabla ya safari, wanafunzi wasome angalau mashairi mawili ya Muyaka na moja la Abdilatif Abdalla. Anayekwenda bila matini atarudi na picha tu.

(b) Mwalimu azungumze na mwelekezi mapema kwa heshima. Waelekezi wengi ni wenyeji wanaojua mengi ya lugha na ushairi kuliko wanavyoulizwa. Wamezoea watalii wanaotaka kusikia habari za Vasco da Gama, wakawapa walichokitaka. Ukimwomba akueleze kuhusu malenga, huenda akafungua hazina ambayo hajawahi kuifungulia basi la shule.

(c) Wanafunzi wagawanywe katika vikundi vinne: kimoja kisikilize mbinu za fanani, kimoja kiandike maneno ya Kimvita, kimoja kitenge historia na visasili, na kimoja kiandike yasiyosemwa. Kikundi cha nne ndicho kigumu zaidi na ndicho chenye faida zaidi.

(d) Wanafunzi wawaheshimu wenyeji. Wasiwapige picha watu barazani bila idhini. Hodi ni sehemu ya fasihi ya mtaa huu.

(e) Shule isiyoweza kufika Mombasa isijione maskini. Kila mji una njia yenye majina. Mwanafunzi wa Eldoret au Machakos aweza kuuliza asili ya jina la mtaa wake, akamhoji mzee, akaandika masimulizi hayo kama utafiti wa fasihi simulizi nyanjani.

Kwa mtahiniwa, tulinganishe majibu mawili tuliyoyatunga kama kielelezo. Jibu dhaifu: "Mandhari ni Mombasa, kuna bahari na majumba ya kale." Jibu bora: "Mtunzi ameuweka mgogoro katika mji wa bandari, mahali ambapo adui na riziki huingia kwa mlango mmoja. Kwa hivyo bahari inawapa wahusika tumaini na hofu kwa wakati mmoja, na hili linakuza dhamira ya kutoaminika kwa mamlaka." Jibu la pili halina maneno mengi kupindukia. Limeyafanya mandhari yatende kazi.

10. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba matembezi ya Mji wa Kale ni matini inayostahili kuhakikiwa kwa vigezo vya fasihi simulizi. Uwasilishaji wake unasisimua na hadhira inashirikishwa. Lakini msuko wake unaanza na mgeni, wakati wake unakomea mapema, na washairi wa mji, wanawake na watumwa hawapewi nafasi. Kasoro hizi zaweza kurekebishwa bila kuongeza hata shilingi moja. Kinachohitajika ni mwalimu aliyesoma kabla ya kusafiri na mwanafunzi anayeuliza.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni anayekuja Ndia Kuu akiwa na shairi la mwenyeji mdomoni humponya kweli, kwa kuwa anamrudishia chake. Anayekuja mikono mitupu hupita tu, na mtaa unabaki na mawe yake.

Maswali ya kujadili

1. "Mwelekezi wa watalii ni fanani." Jadili ukweli wa kauli hii kwa kurejelea sifa za fanani katika fasihi simulizi.

2. Kwa kutumia mifano, tofautisha tabdila na matumizi ya lahaja katika ushairi.

3. Eleza jinsi ujuzi wa historia ya mji unavyomsaidia mhakiki kuyaelewa mashairi ya Muyaka bin Haji.

4. Chagua njia moja au mtaa mmoja ulio karibu na shule yako. Pendekeza vituo vitano vya matembezi ya kifasihi, na ueleze ni sauti za nani zingesikika katika kila kituo.